Mgongo wa Mpenzi wa Chiriku

Asubuhi hiyo karakana nzima ilikuwa ikiujadili mgongo wangu, nami nimesimama papo hapo nakunywa chai.

Redio, msaga chuma wetu aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiozimwa, alikuwa ameisimamisha simu yake juu ya kopo la rangi, na wenzetu wameizunguka, vichwa vinagongana. Kwenye picha, mwanamke aliyejitanda mtandio hadi puani alikuwa akitoka kwenye mlango mwembamba, na mwanamume kamshika begani. Mwanamke alikuwa Chiriku. Hakuna aliyeuliza Chiriku yupi. Nyimbo zake zilikuwa zikilia kwenye kila duka la mtaa wetu tangu linapofunguliwa hadi linapofungwa. Mwanamume hakuonekana uso. Ulionekana mgongo, kisogo na sikio moja.

Juu ya picha mwenye ukurasa wa udaku aliandika: HUYU NDIYE ANAYEMFICHA CHIRIKU?

"Mgongo wenyewe umekaa kama wa mwizi," alisema Redio. "Mtu mwenye nia njema hasimami hivyo."

"Mwenye nia njema anasimamaje?" nikamuuliza.

"Ananyooka! Huyu kajikunja kama kaficha kuku tumboni."

"Na hicho kisogo," akadakia fundi wetu mpaka rangi, "kama kiazi kilichobaki chini ya gunia."

Wakacheka. Nikameza chai ya moto bila kupuliza, ikanichoma hadi kifuani, na nikashukuru, maana ilinipa sababu ya kukunja uso.

Mimi pale naitwa Cheche. Jina hilo nilipewa kwa ajili ya hasira zangu, si kwa ajili ya kazi, ingawa kazi yangu ni kuchomelea. Chiriku ni dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja, kitanda kimoja mpaka nilipoota ndevu nikahamia sebuleni. Karakanani hakuna aliyejua, na nilitaka iwe hivyo. Nilitaka geti langu likisifiwa, lisifiwe kwa sababu limesimama wima, si kwa sababu mdogo wake Chiriku ndiye aliyelichomelea. Basi kwa muda wote niliofanya kazi pale nilisikiliza dada yangu akiozwa, akiachwa, akifilisiwa na kupewa mimba, kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa.

Mimba ilikuwa ya Redio. Yaani ni yeye aliyeigundua. Chiriku alipotoweka jukwaani ghafla, akaacha hata kujibu simu za redioni, Redio alitangaza kwamba ana mapacha. "Mmoja hawezi kumzuia mwanamke kuimba," alisema, kwa uhakika wa mkunga. "Lazima ni wawili."

Ukweli ni kwamba dada yangu alikuwa na uvimbe shingoni. Madaktari waliutoa. Walimwambia mapema kwamba mshipa wa sauti unapita palepale kisu kinapopita, na kwamba baada ya hapo huenda akaimba, huenda akabaki na mnong'ono maisha yake yote. Wakamkataza kutoa sauti mpaka kidonda kitulie. Mtu aliyekuwa akiimba hata anapotafuta kiatu chini ya kitanda akawa anaishi kwa kuandika ujumbe kwenye simu. Jana yake daktari alimwingiza kamera ndogo kooni, akatazama, akasema: kesho jaribu, polepole, mahali palipotulia. Hakuahidi kitu. Tulipokuwa tunatoka kwa mlango wa pembeni, mtu akapiga picha. Kibao cha hospitali walikikata. Mgongo wangu wakauacha.

"Hebu, hebu, hebu!" Redio aliitanua picha kwa vidole viwili. "Tazameni shati. Mnaona matundu?"

Vichwa vikasogea. Nami nikasogea, nisingesogea ningeshukiwa.

"Madogo madogo, yamejaa begani. Hayo si ya panya wala ya umaskini. Hayo ni ya cheche. Huyu mtu kachomelea kitu kilichokuwa juu ya kichwa chake, kenchi za paa labda, cheche zikamnyeshea." Akapiga paja. "Huyu mtu ni mchomeleaji! Chiriku kachukuliwa na mwenzetu!"

Karakana ikalipuka kwa furaha, kana kwamba timu yetu imefunga bao. Nami nikahisi jasho likinishuka mgongoni, mgongo uleule. Hospitali walinipigia ghafla nikiwa kazini, nikaenda na shati la kazi. Kosa la kijinga ambalo mtu wa ofisini hawezi kulifanya. Sasa shati lenyewe lilikuwa limening'inia kwenye msumari, mlangoni mwa stoo ya rangi, nyuma ya vichwa vyao.

"Nimeshaandika!" alisema Redio.

"Umeandika nini? Wapi?"

"Chini ya picha. 'Huyo ni mchomeleaji. Sisi mafundi wa Karakana ya Mama Geti tunajuana kwa mashati.' Tazama wanavyoipenda, Cheche! Mwenye ukurasa mwenyewe kanijibu. Kaniuliza tuko mtaa gani."

"Nawe ukamwambia?"

"Sasa mtu akikuuliza kwa adabu utamnyima?"

Nilikuwa nimeshaikunja ngumi. Nadhani ningempiga, na siri ingetoka pamoja na meno yake. Lakini sauti ilitoka mlangoni.

"Cheche. Njoo stoo."

Mama Geti ndiye mwenye karakana. Aliirithi kwa mumewe, na watu waliposubiri aiuze, alivaa ovaroli la marehemu, akakunja mikono yake iliyomzidi urefu, akachomelea geti la kwanza. Hapigi kelele isipokuwa kwa neno moja, na neno hilo ndilo sheria ya pale. Kabla hujagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, unaita: "Macho!" Hapo kila mtu hugeuza uso, hata kama alikuwa katikati ya kutongoza. Mwanga ule hausamehe. Ukiutazama bila kioo cheusi, usiku utalia kama mtu aliyetiwa mchanga machoni. Mtaa mzima umeshazoea. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara hugeuka bila kuacha kushona, na mwenye duka hugeuka bila kuacha kukupunja.

Ndani ya stoo, Mama Geti aliutazama msumari, akanitazama mimi.

"Hilo shati," alisema, "begani nililiona likitobolewa. Nilikuwa nimeshika ngazi."

"Mama, si unavyofikiri."

"Mimi sifikiri. Mimi nauliza. Mke wa mtu?"

"Dada yangu."

Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. "Dada yako kwa maana ya mtaani, au dada yako?"

"Wa kuzaliwa, Mama. Kanifunza kufunga kamba za viatu."

"Yaani miezi yote hii tunamla nyama huyo mtoto wa watu mbele ya ndugu yake, naye anakunywa nasi chai?"

Nilimweleza lililobaki: uvimbe, kisu, mnong'ono. Nikiwa bado naeleza, simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Dada. Nikampa Mama Geti asome mwenyewe.

"Mdogo wangu, hapa nyumbani haiwezekani. Wamejaa getini na mmoja kapanda ukuta wa jirani. Nikikohoa tu wataandika. Nataka mahali penye kelele, nijaribu bila mtu kusikia. Niko njiani nakuja kwako. Washa mashine zako zote."

"Anaogopa nini hasa?" Mama Geti aliuliza polepole. "Wakisikia sauti mbaya si wataacha kumfuata?"

"Haogopi kwamba imekufa. Kasema kama imekufa ataizika. Anaogopa wengine watamtangazia kifo cha sauti yake kabla yeye hajaisikia kwa masikio yake. Anataka awe wa kwanza kujua, Mama. Basi. Hilo tu."

Mama Geti alinirudishia simu. Kisha akaita, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipandisha sauti kwa neno lingine: "Redio!"

Redio aliingia akitabasamu. Aliposikia, tabasamu lilibaki limekwama usoni kama limechomelewa. Alinitazama kisogo. Akaliona shati. Akashika kichwa.

"Kiazi," alisema. "Tumekuita kiazi."

"Aliyesema kiazi ni yule mpaka rangi. Wewe uliniita mwizi wa kuku."

"Na mapacha… Cheche, mimi nilimpa dada yako mapacha! Nipige. Kweli, nipige tu, nitajisikia vizuri."

"Hakuna wa kupigwa," alisema Mama Geti. "Futa ulichoandika."

Alifuta. Lakini nje pikipiki ilikuwa imeshazimwa, na mtu alikuwa anauliza kwa sauti ya uchangamfu: "Samahani, hapa ndipo kwa Mama Geti?"

Alikuwa mwandishi, yule mwenye ukurasa, kijana nadhifu, kamera shingoni, simu mkononi inayorekodi tayari. Nyuma yake wamekuja watu wa barabarani, kwa sababu watu wakimwona mtu ana kamera hawaulizi kuna nini, wanatoa zao. Dakika chache tu geti lilikuwa limejaa. Wengine niliwajua. Mama wa mboga, vijana wa gereji, mwenye duka kaacha duka. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alinichangia damu nilipoanguka kenchini. Lakini macho yao siku ile yalikuwa na njaa ambayo sijawahi kuiona hata kwenye foleni ya chakula, na nilijua kwamba wakimwona dada yangu wangeyala hata makovu yake, kisha waende nyumbani wakisema wanampenda.

"Ndugu zangu," alianza mwandishi, akinyanyua ile picha, "namtafuta mwenye shati hili. Hana kosa. Watu wanataka tu kujua."

"Kujua nini?" niliuliza.

"Kila kitu, kaka. Chiriku ni wetu sote."

Damu ilinipanda. Mama Geti alinikanyaga mguu kwa kiatu chake cha chuma.

"Shati lenye matundu?" alisema kwa upole. "Karibu, mwanangu. Chagua."

Mwandishi aliwatazama mafundi mmoja mmoja. Mashati yote yalikuwa na matundu. Ya begani, ya kifuani, ya mikononi. La Redio lilikuwa matundu yaliyozungukwa na shati kidogo. Mpaka rangi, ambaye hajawahi kuchomelea hata uma, naye alikuwa amevaa la kuachiwa, akageuka kumwonyesha mgongo.

"Piga na hiki kisogo," alisema. "Hakijawahi kupata bahati."

Watu wakacheka, hata mwandishi. Lakini hakuondoka. Ana kazi yake, na anaijua: aliegemea nguzo ya geti akangoja mtu achoke kunyamaza. Na hapo, nyuma ya umati, nikaona teksi ikisimama.

Dada yangu alishuka kabla sijaweza kumzuia. Mtandio ule ule. Aliona umati, akaona kamera, akasimama na mkono kwenye mlango wa gari. Teksi, kwa kuwa imeshalipwa, ikaondoka. Akabaki barabarani, peke yake, na katikati yake na mimi kulikuwa na kila mtu ambaye yeye alikuwa akimkimbia.

Mwandishi alianza kugeuza shingo.

"MACHO!" aliita Mama Geti.

Sikufikiri. Mikono yangu ilifikiri. Niliteremsha ngao ya uso, nikagusisha kijiti kwenye nguzo ya kushoto ya geti, na Redio, ambaye si mchomeleaji, alinyakua kijiti cha mashine ya pili, akagusisha nguzo ya kulia. Mwanga mweupe ukafunguka pande zote mbili. Na mtaa mzima ukageuka. Mama wa mboga, vijana wa gereji, mwenye duka, fundi cherehani kule ng'ambo: nyuso zote zikaenda ukutani, mikono kwenye paji, simu chini. Hawakuamua. Mwili umezoea.

"Geuka, mwanangu, utaumia!" Mama Geti alimwambia mwandishi, na alimaanisha.

Yeye alinyanyua kamera. Ndani ya kioo chake hakukuwa na geti, wala mtaa, wala Chiriku. Kulikuwa na weupe tu. Alitukana, akafunika macho kwa kiwiko. Dada yangu akapita katikati ya migongo ile, kichwa kimeinama, akapita baina ya mianga miwili, na Mama Geti akamvika ngao ya uso na aproni ya ngozi kabla hajafika kivulini. Nilipoinua kijiti, karakanani kulikuwa na mchomeleaji mmoja zaidi, mfupi kidogo, anaelekea stoo.

"Nini kilikuwa kinaungwa hapo?" mwandishi aliuliza, akifikicha macho.

"Nguzo," alisema Mama Geti. "Ilikuwa inalegea. Cheche, nenda kamwonyeshe yule mgeni rangi. Redio, kazi!"

Redio alirudi kwenye grainda yake. Sijawahi kumwona akisaga chuma kwa bidii namna ile. Kelele ilijaza karakana hadi mabati ya paa yakatetemeka.

Ndani ya stoo Dada alivua ngao, akafungua mtandio. Kovu lilikuwa bado jekundu, limelala chini ya shingo kama mkufu. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye ndoo.

"Polepole," nilisema.

Alifungua mdomo. Sikusikia kitu. Sikujua kama ni grainda au ni yeye. Akafunga mdomo, akameza, akajaribu tena, na nikaona machoni mwake kwamba hata yeye hasikii. Nikasogeza sikio langu hadi mdomoni kwake. Hewa. Hewa tupu, yenye mikwaruzo.

Nikakumbuka bomba la uani kwetu. Tulipokuwa wadogo maji yalikuja yanapotaka, na sisi tulitumwa kuyasubiri. Kabla ya maji bomba lilikohoa hewa, muda mrefu, mpaka watu wengine wakakata tamaa wakaondoka na ndoo zao. Sisi tulikuwa na wimbo wetu wa kulibembeleza. Nikamwimbia sikioni, kwa sauti yangu ya chuma:

*Bomba, bomba, toa jasho,*
*ndoo yangu ina njaa,*
*ukigoma hadi kesho*
*mimi hapa nitakaa.*

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti. Kisha akafungua mdomo tena, na nikahisi kabla ya kusikia, kitu kinatetemeka kwenye shavu langu. "Bo…" Akakohoa. "Bomba…" Alinishika mkono akaubana. Ilikuwa chini sana, nzito, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti. Aliendelea, akafika mstari wa pili, akanyanyua kidevu jinsi anavyokinyanyua jukwaani, akaingia wa tatu kwa nguvu, na hapo umeme ukakatika.

Grainda ilizunguka, ikalia, ikafa. Karakana ikanyamaza. Na katikati ya ule ukimya dada yangu, macho kayafumba, hajui kitu, alikuwa anamalizia: "…mimi hapa nitakaa."

Ilisikika mpaka barabarani. Alifumbua macho. Tukatazamana kama wezi.

Nje hakuna aliyetembea. Kupitia ufa wa mlango niliwaona mafundi wamesimama na zana mikononi. Redio alikuwa ameuma kofia yake. Watu wa getini walikuwa wameinua vichwa.

"Nani huyo?" aliuliza mwandishi.

"Fundi wangu," alisema Mama Geti. "Mgeni. Anaomba maji."

Mwandishi alisikiliza kidogo. Mtu huyu alijua dada yangu analala saa ngapi, anavaa kiatu namba gani, na dawa yake ya meno ni ya rangi gani. Aliitazama kamera yake iliyojaa weupe, akautazama mtaa usio na umeme, akapanda pikipiki yake.

"Mwambieni asiache kuchomelea," alisema. "Kuimba hawezi."

Akaondoka zake. Umati ulisubiri kidogo, ukaona hakuna wa kutazamwa, ukakumbuka mboga zake na duka lake.

Ndani ya stoo, dada yangu alikuwa ameketi sakafuni. Niliogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka, mkono kwenye kovu, na safari hii nilisikia kila kitu.

"Hakunijua," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya wimbo. "Mdogo wangu, hakunijua! Naweza kwenda sokoni!"

"Nyanya utapunjwa vilevile."

"Nipunjwe! Nitagombana nao kwa mdomo wangu mwenyewe."

Joto la stoo lilikuwa limemzidi, akatoka nje bila mtandio, shingo wazi. Mafundi wote walikuwa wanautazama mlango. Kwa muda mfupi niliiona njaa ile ile ikipita kwenye nyuso zao, nikajiandaa.

"Macho," alisema Mama Geti, taratibu.

Hakukuwa na umeme. Hakuna kijiti kilichoshikwa. Lakini waligeuka, wote, hata yule mpaka rangi, wakatazama mabati ya ukuta, na dada yangu akapata nafasi ya kufunga mtandio wake vizuri, bila haraka, kama mtu aliye chumbani kwake.

"Dada," alisema Redio, uso ukutani. "Mimi ni mtu wa grainda. Naomba radhi kwa ile habari ya mapacha."

Chiriku aliikaza ncha ya mtandio, akakohoa kidogo kusafisha njia.

"Wazima," alimjibu. "Wanakusalimu."